Commodore ya mjomba imeingia kwenye neti

Najua nimepotea, TP si mchezo. Nilipangiwa kule kwetu Ifakara, na stori niliyorudi nayo ni ya kompyuta ya zamani kuliko mimi iliyochati na jamaa yangu wa hosteli.

Ni Commodore 64, aina iliyoingia sokoni 1982. Mashine nzima imo ndani ya kibodi: kumbukumbu KB 64, kasi megahezi 1 hivi. Picha moja ya WhatsApp haienei humo. Tanzania mwaka 1974 serikali ilizuia kuingiza kompyuta, na hata zuio lilipolegea baadaye, kompyuta ya nyumbani ilikuwa kitu cha kuonea kwenye picha. Mjomba, fundi redio wa Kibaoni, alipewa hii na Mswisi mmoja aliyekuwa anarudi kwao. (Waswisi Ifakara ni wa siku nyingi, maabara ya Profesa Rudolf Geigy ilianza miaka ya 1950, ndiyo leo Ifakara Health Institute.) Ikakaa juu ya kabati chini ya kitambaa. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita kila wiki, na mkaza mjomba anataka kabati lake.

Mimi nilikuwa nafundisha kompyuta kidato cha pili kwa chaki. Shule haikuwa na kompyuta hata moja. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, hizo biti zinapita wapi?" Nikaenda kwa mjomba.

"Shikamoo mjomba. Naomba Commodore."

"Marahaba. Ikiungua mjomba, nyingine tunaitoa wapi?"

Hofu yake ni ya kweli. Pawasapulai za Commodore zikizeeka, upande wa volti 5 hupanda na kuunguza chipu. Kwa hiyo kila mara kabla ya kuchomeka anapima kwanza kwa mita. Ikasoma 5.1. Akakubali, ila na yeye aje.

Kiungo chenyewe ni kibodi kidogo cha ESP8266 nilichonunua Kariakoo, chenye Wi-Fi ndani. Commodore inakiona kama modemu ya simu ya zamani: unaandika ATDT na anwani, badala ya kupiga namba kinafungua mtandao kupitia hotspoti ya simu yangu. Tatizo ni volti, Commodore inatoa 5, chipu inataka 3.3. Mjomba akachomelea rezista mbili za kugawanya volti kwenye waya wa kutoka. Wa kurudi hauhitaji, Commodore inaielewa 3.3.

Sina diski drayvu, basi programu nikaichapa mwenyewe kwa BASIC, mistari kama kumi. BASIC inabeba biti 300 kwa sekunde. Herufi moja inakula biti 10, kwa hiyo ni herufi 30 kwa sekunde. MB moja ingechukua zaidi ya saa 9! Tovuti za leo zenye kufuli usahau. Jamaa yangu akafungua mlango wa maandishi matupu kwenye kiseva anachokodi.

Shule iko ng'ambo ya mto. Tukavuka Daraja la Magufuli (lilifunguliwa 2018, zamani ilikuwa kivuko) na bajaji, mjomba kapakata Commodore, mimi TV ya chogo. Wanafunzi wakajaa mpaka madirishani. Mjomba akapima umeme mara mbili, akanitazama, akachomeka. Skrini ya bluu. Niliweza kupumua.

Nikapiga. Kimya. Halafu herufi zikaanza kuingia moja moja, kama mtu anachapa ndani ya ukuta:

hABARI ZA iFAKARA

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Commodore ina mpangilio wake wa herufi, kubwa na ndogo zimegeuziana namba. Nikaacha hivyo, maana hapo ndipo wakaona kwamba kinachopita ni namba tu, A imo kwenye makubaliano ya pande mbili. Kwa chaki nilikuwa nimelisema hilo wiki mbili nzima.

Yule binti akajibu mwenyewe, kwa kidole kimoja. Akauliza kama huko kumenyesha.

Mjomba sasa ananipigia kila Jumapili, anataka biti 1200. Kabati limehamishiwa chumbani kwa mkaza mjomba, Commodore ina meza. Kesho nina testi ya saikolojia, acha nikasome.