Ndege ya mti kutoka Pampanga

Akina mama wenzangu mnajua: mwanamke akisafiri mbali, mzigo wa kurudi nao huanza kuhesabiwa kabla hajafunga sanduku. Mwaka 2017 nilipata nafasi ya kwenda Ufilipino kwa wiki sita, kwenye mafunzo ya kilimo cha mpunga kule Los Baños. Watoto waliniandikia orodha ndefu, viatu, saa, simu. Baba yangu mzazi, anayeishi nasi tangu presha ya macho ilipompofusha, hakuagiza kitu. Alisema tu, "Urudi salama, mwanangu."

Baba alikuwa fundi wa ndege. Aliajiriwa East African Airways mwaka 1961, kijana wa miaka ishirini, akazihudumia Dakota pale uwanja wa Dar es Salaam mpaka shirika lilipokufa mwaka 1977. Vijana wa sasa wakisikia ndege ya pangaboi huona kichekesho. Mnakumbuka maneno yaliyosemwa mwaka 2016 serikali yetu ilipoleta zile Bombardier mbili? Siku hizo Baba alikaa na redio yake sebuleni, hakuchangia lolote. Tangu macho yalipokwisha alikuwa amepunguza maneno, na hilo lilikuwa likiniumiza kuliko upofu wenyewe.

Kule Los Baños nilikuta ndege ya mbao juu ya meza ya mwalimu wetu mmoja, imechongwa vizuri hata nikaomba kuishika. Nikaambiwa zinatoka Pampanga, kaskazini ya Manila. Mwanafunzi mwenzangu, mama wa watoto wanne, alikuwa mzaliwa wa huko, akaahidi kunipeleka.

Tulitoka alfajiri ya Jumamosi. Ukishaipita Manila na foleni zake, nchi inakuwa tambarare, mashamba ya mpunga huku na huku, na mlima mmoja tu, Arayat, umesimama peke yake katikati kama chungu kilichofunikwa. Mlima wa kuogopwa uko upande wa magharibi. Ni Pinatubo, uliolipuka tarehe 15 Juni 1991. Mwenyeji wangu alinipitisha kwanza Bacolor nikaone kanisa la San Guillermo. Tope la majivu, lililokuwa likishuka kila mvua za miaka iliyofuata, lililizika mwaka 1995 hadi karibu nusu ya urefu wake. Waumini hawakulihama. Waliinua sakafu, na yale yaliyokuwa madirisha sasa ndiyo milango. Niliingia kwa dirisha nikakaa kimya.

Angeles ni jirani ya Clark, iliyokuwa kambi kubwa ya ndege za kivita za Marekani hadi Novemba 1991. Mwenye karakana alinieleza kuwa zamani wateja walikuwa hao hao askari, kila mmoja akitaka mfano wa ndege aliyorusha. Walipoondoka, huku majivu yakiwa bado juu ya mapaa, mafundi walikosa pa kuuzia. Waliobaki na kazi ni wale walioanza kupeleka ng'ambo, na wateja wa ng'ambo wengi wao ni wazee wanaotaka ndege za abiria za ujana wao, zile za mapangaboi.

Karakana yenyewe ni banda la mabati nyuma ya nyumba, kuku wanapita chini ya meza. Kwenye rafu niliona Constellation, yenye mikia mitatu na mwili uliopinda kama samaki. Mafundi wanasema hiyo ndiyo inayowatoa jasho, kwa kuwa haina mahali palipo sawa. Niliona pia Stratocruiser yenye tumbo la ghorofa mbili, na ile ndege ya kutua majini, China Clipper, iliyoingia Manila tarehe 29 Novemba 1935 ikiwa na barua kutoka Marekani. Kila moja inatosha kukaa juu ya meza ya kusomea.

Mbao ni mahogani, mti ambao asili yake ni Amerika ya Kati na sasa hupandwa huko. Ni ndugu wa mkangazi wetu. Mbao hukaushwa kwanza kwa subira, maana ikichongwa mbichi itapasuka ikiwa tayari kabatini kwa mtu. Fundi huchora umbo la ndege ubavuni na juu ya gogo, hukata kwa msumeno, kisha patasi, kisha tupa. Mabawa huchongwa mbali na kuingizwa mwilini kwa gundi. Vifuniko vya injini, mviringo kama vikombe, hutoka kwenye mashine ya kukereza. Baada ya hapo kazi inahamia kwa wanawake. Wao ndio wa msasa, puti, na rangi. Mmoja alikuwa akipiga msasa huku mguu wake ukisukuma bembea ya mtoto, na sikuona mkono ukikosea hata mara moja. Yeye ndiye aliyenishauri vizuri.

Nilimwambia nataka Dakota. Akauliza rangi za shirika gani. Nikamweleza kuwa atakayepewa haoni. Aliacha msasa. "Basi Ate," aliniambia, yaani dada mkubwa, "rangi tuiweke kwa ajili ya wageni wenu. Kwa baba yako tuchimbe."

Wakakubaliana na mchongaji. Kwa kawaida madirisha na mlango huchorwa kwa rangi tu. Hii wangezichimba mstari kwa patasi nyembamba, kidole kipite. Mlango uwe mkubwa, ubavu wa kushoto nyuma, kwa kuwa Dakota nyingi zilizokuja kwetu zilikuwa za mizigo ya vita kabla ya kubeba abiria. Magurudumu yawe chini, lile dogo mkiani, pua ikitazama juu. Ndege halisi ina mabawa ya karibu mita 29. Yetu ingekuwa sentimita 40, ndogo mara 72. Kijana mmoja alikuwa akichonga mapangaboi, moja la kushoto na moja la kulia, yanatazamana kama masikio. Nikamsifu kwa kuyalinganisha.

Bei ilikuwa dola 90, yapata laki mbili za kwetu wakati ule. Posho yangu niliyoibana ilikuwa na kazi yake, nanyi mnaijua: ada ya muhula. Usiku nilimpigia mume wangu. Alinyamaza kidogo. "Mama watoto, ndege ya kuchezea laki mbili?" Nikamwambia si ya kuchezea. Akanyamaza tena, halafu akasema, "Viatu vya watoto acha. Ada nitaongezea mimi." Sikutegemea jibu hilo. Nililia kidogo, simu ikiwa imeshakatwa.

Nilirudi nayo mapajani, sikuikabidhi kwa mizigo.

Baba aliipokea sebuleni watoto wakiwa wamemzunguka, wamenuna kwa kukosa viatu. Vidole vilianza puani, vikapanda kwenye vioo vya rubani, vikateremka mgongoni hadi mkiani, vikagusa gurudumu dogo. Vikarudi ubavu wa kushoto. Vilipouona mlango alicheka. "Hapa ndipo tulipoingizia magunia ya barua za Mtwara." Tulikaa tunasikiliza. Alitaja majina ya mafundi wenzake ambayo sikuwahi kuyasikia, akaeleza mafuta yalivyokuwa yakidondoka chini ya injini, na kwamba Dakota isiyodondosha mafuta ilikuwa imekwisha mafuta.

Alipofika kwenye pangaboi la kulia, vidole vikasimama. Akaligusa la kushoto, akarudi kulia. Nikafikiri limevunjika safarini.

"Hili wamelichonga kinyume," alisema. "Pangaboi za Dakota huzunguka upande mmoja zote mbili. Ukiwa nyuma yake zinakwenda kama saa."

Mwanangu wa kiume, wakati huo darasa la sita, akasema basi tulichomoe tuligeuze, mbele kuwe nyuma. "Jaribu," Baba alimwambia. Mtoto akachomoa, akageuza, akalitazama sana. Lilikuwa bado kinyume. "Ni kama kiatu," Baba akasema, "cha kulia hakiwi cha kushoto kwa kukigeuza. Lazima tuchonge jingine."

Nilitaka kusema hapana, kisu na mzee asiyeona na mtoto. Mume wangu akanitangulia, akauliza msasa unaotakiwa ni namba ngapi.

La kwanza lilipasuka. La pili Baba alilipima kwa kidole gumba, akalikataa, bawa moja nene kuliko mengine mawili. Walifanya kazi hiyo barazani kila jioni baada ya shule, mtoto akichonga, babu akikagua, wakibishana kwa sauti ambayo niliisikia hadi jikoni. La tatu ndilo lililobandikwa. Ni la mninga, halikupakwa rangi, na kila mgeni huuliza kwa nini halifanani na mwenzake. Baba humwita karibu na kumweleza tangu mwanzo.