Safari Bila Mzigo

Neno safari limetembea kuliko wengi waliolitamka. Waingereza wa karne ya 19 walilichukua vinywani mwa watu wa pwani, wakalitia katika vitabu vyao, na sasa halina mji lisikojulikana. Likitajwa, msikilizaji huona gari lisilo na paa, darubini shingoni na simba kivulini. Lakini katika njia iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Tabora na kuishia Ujiji, safari ilikuwa na maana nzito kuliko hiyo. Mpagazi alibeba frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kichwani au begani, kwa masafa ya zaidi ya kilomita 1,000. Maneno mengine ya njia hiyo nayo yamebadili mavazi. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi, kipimo cha nafaka au kipande cha kitambaa cha kununulia nafaka. Leo ni fedha ya kuhudhuria mkutano. Hongo ilikuwa ada halali, aliyotozwa mkuu wa msafara kwa kupita katika nchi ya mtemi. Leo hupokewa chini ya meza. Kati ya maneno hayo, safari ndiyo iliyobahatika, kwani ndiyo pekee iliyotua mzigo.

Mtu wa visiwani akisikia habari za likizo hakumbuki bara. Hukumbuka Mnemba na matumbawe yake, Chumbe na mnara wake wa mwaka 1904, Kizimkazi na pomboo wake wanaofukuzwa na mashua tangu kunapokucha. Na hayo nayo huyakumbuka kama mwenyeji anayewapeleka wengine kuogelea, kwani miwani ya maji na mrija wa kupumulia ni vyombo vya wageni. Mwenyewe hukaa chomboni akishika usukani. Wako wachache, hata hivyo, ambao likizo yao wameigeuzia uso magharibi. Hutia miwani na mrija katika mkoba, wakapanda treni ya reli ya kati, wakaelekea Tabora. Jamaa zao huwacheka. Huwauliza kama wanakwenda kuogelea katika vumbi.

Wanaocheka wamesahau kwamba Tabora ulikuwa mji wa mapumziko kabla Unguja haijajenga hoteli yake ya kwanza ya ufukweni. Huko Unyanyembe, mahali ambapo vitabu vya zamani vinapaita Kazeh, msafara ulikuwa haupiti tu, ulikuwa unatua. Wapagazi wa pwani walimaliza mkataba wao hapo, mizigo ikawekwa ghalani, wakatafutwa wengine wa kuendelea. Burton na Speke walifika tarehe 7 Novemba 1857 wakiwa wamechoka na homa, wakapokewa na Snay bin Amir kwa ukarimu ambao Burton, mtu asiyekuwa mwepesi wa kusifu, aliusifu sana. Wakakaa zaidi ya mwezi mmoja. Baba yake Tippu Tip alioa hapo binti wa mtemi Fundikira, na ndoa hiyo ilifungua milango ambayo bunduki zisingeifungua. Katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, Livingstone alikaa hadi Agosti 1872 akiwangoja wapagazi kutoka pwani. Mwaka uliofuata Susi na Chuma na wenzao walipita Unyanyembe wakiwa wamembeba yeye mwenyewe, maiti iliyokaushwa na kufungwa kama mzigo wa kitambaa. Miembe iliyosimama hadi leo ni ukumbusho wa walaji wa embe waliotoka pwani. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hii, pamoja na Kwihara na Ujiji, katika orodha ya awali ya mahali inapoomba pawe urithi wa dunia. Ombi la haki. Lakini mgeni anayefika Kwihara mchana huona kuta nyekundu, milango ya nakshi na vitu vichache vya makumbusho, akapiga picha, akaondoka kabla ya kitu kikubwa kuliko vyote hakijafunguliwa. Nacho ni usiku.

Jua la kiangazi likishazama Unyamwezi, mbingu hushuka. Nchi iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni kavu, na unyevu ule wa pwani unaozitia nyota utando haupo. Mwezi Julai kundi la Nge hujikunja karibu na utosi, na nyuma yake ule mkanda mweupe wa nyota humwagika kutoka upeo hadi upeo. Aliyezoea anga ya Darajani, yenye taa na moshi wa mishikaki, huweza kudhani kwamba ni wingu, akangoja lipite.

Watu wa pwani ndio waliowaita wenyeji Wanyamwezi, watu wa upande wa mwezi, kwa kuwa mwezi mwandamo huonekana magharibi. Jina hilo walilitoa mabaharia na jamaa wa mabaharia, watu waliosoma mbingu kama wengine wanavyosoma barua. Ahmad ibn Majid aliandika elimu ya nyota kwa nahodha katika karne ya 15, na mpaka leo mzee wa chombo huuita upande wa kaskazini jaa, ingawa nyota yenyewe ya Jaa haionekani tena kwa aliyeshuka kusini ya ikweta, na upande wa kusini huuita suheli. Elimu hiyo haikuachwa ufukweni. Msafara uliondoka alfajiri ili upate kupiga kambi kabla ya jua kali. Kulikuwa na majogoo waliobebwa juu ya mizigo ili wawaamshe watu, na juu ya majogoo kulikuwa na saa iliyowatangulia. Katikati ya Julai Kilimia hutokea kaskazini-mashariki saa tisa za usiku, na saa mbili hivi baadaye Suheli huchomoza kusini-mashariki. Muda mfupi tena, kumekucha.

Kilimia kilikuwa na kazi kubwa kuliko kuamsha. Jina lake linatokana na kulima, na mwezi Novemba huanza kuonekana mashariki jua linapozama, wakati wa kulima na kupanda. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mkulima. Aliondoka kwao baada ya mavuno na alitaka kurudi kabla ya mvua. Wenye bidhaa walilalamika katika barua na vitabu vyao kwamba Wanyamwezi ni watu wa kukimbia mizigo. Wengi wa hao waliokimbia walikuwa wanawahi mashamba yao.

Tena wako waliokuwa hawana la kuwahi. Aendaye Ujiji humwacha Suheli nyuma ya bega la kushoto. Apelekwaye pwani humwona mbele, mkono wa kulia. Waliofungwa minyororo walimwona mbele. Walipofika baharini wengi walivushwa hadi Mkunazini, soko lililofungwa mwaka 1873 katika mji ule ule ambao msomaji wa kurasa hizi pengine ananunua mkate wake. Jambo hili huwafanya baadhi ya watu wa pwani waione njia hii kuwa si ya kustarehea, na hawakosi hoja. Ila kukataa kuitazama hakumpunguzii aibu mtu yeyote. Tena yako maneno ya kusema juu ya starehe yenyewe. Hakuna kitu ambacho watu wa njia ile, wa mshahara na wa mnyororo, walikitamani kama kukaa chini bila mzigo na kutazama juu. Anayefanya hivyo leo mahali pale pale hawaibii kitu, madhali anajua amekaa mahali pa nani.

Kutoka Tabora kwenda magharibi nchi ni miombo, msitu unaokauka lakini haufi, wenye mizinga ya magogo iliyotundikwa juu ya miti. Ndege anayeitwa mlembe humwita mrina asali na kumtangulia kutoka mti hadi mti, kama kirangozi alivyoutangulia msafara na bendera yake. Kusini ya njia iko hifadhi ya taifa ya Mto Ugalla, iliyotangazwa mwaka 2019, yenye viboko, mamba na palahala. Mbele yake mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi, anakoishi yule ndege wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu, anayeweza kusimama majini bila kutikisika mpaka mtazamaji achoke kwanza. Hawa ndio wanyama wa vitabu vya picha. Mnyama aliyeiamua historia ya njia hii hapigwi picha na mtu, naye ni mbung'o. Ugonjwa anaoubeba huua farasi, ng'ombe na punda, ndiyo maana shehena yote ya Unguja, pembe kwenda na vitambaa kurudi, ilipandishwa juu ya vichwa vya watu. Mgeni anayempiga kofi shingoni mwake amempiga mwenye njia.

Kisha ziwa.

Burton na Speke waliliona Februari 1858, ikiwa kuona ndilo neno lake, kwani Speke alikuwa na ugonjwa wa macho na mbele yake hapakuwa na kitu ila ukungu na mng'aro. Alisafiri zaidi ya miezi saba kuja kutazama, akafika akiwa hana macho. Na hata wenye macho mazima, kwa vizazi vingi, wameliona ziwa kwa juu tu: bluu, refu la kilomita 670 hivi, na milima ya Kongo ng'ambo. Chini yake kuna kina cha mita 1,470, na katika maziwa yote ya dunia ni Baikal peke yake inayolishinda.

Hapa ndipo ule mrija uliochekwa unapotolewa mkobani. Katika ghuba za mawe karibu na Kigoma maji ni maangavu kama ya Mnemba, na ulimi ukiyaonja hushangaa kukosa chumvi. Mgeni wa pwani hutumbukiza uso, na kwa dakika chache za kwanza hutafuta matumbawe. Hayapo. Yako mawe makubwa yaliyopangana kama mitaa ya Mji Mkongwe, na katika kila kichochoro yuko mwenye nyumba. Ni jamii ya sato na perege, lakini iliyofungiwa humu kwa mamilioni ya miaka hadi ikazaa aina zaidi ya 200, nyingi zisizopatikana penginepo duniani. Wako wanaokwaruza miani juu ya mawe siku nzima na kumfukuza kila jirani anayevuka mpaka. Wako wadogo kama kidole wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, na mama huyalea mayai humo humo. Wengi huyalea mdomoni. Jike huyahifadhi mayai na vitoto nyuma ya meno yake, mara nyingine wiki kadhaa, akila kidogo au asile. Naye yupo aina ya ngogo mwenye madoadoa anayeyachanganya mayai yake na ya mama huyo wakati wa kutaga, ili yalelewe bure; vitoto vya ngogo huanguliwa mapema na kuwala wenyeji wao humo humo mdomoni. Wengine chakula chao ni magamba ya samaki wenzao: hao midomo yao imepinda, wengine kulia wengine kushoto, kila mmoja akishambulia ubavu anaouweza. Aliyekuja kutafuta mapumziko hutoa kichwa majini akiwa na mengi ya kufikiri.

Gombe iko mwendo wa mashua kaskazini, na sokwe aliowafuata Jane Goodall tangu Julai 1960 hadi wakajulikana kwa majina. Habari zao zimeandikwa sana, tena vizuri. Hapa zitoshe.

Usiku ufukweni Kigoma au Ujiji, mgeni aliyezoea anga ya Kwihara hutandika mkeka na kutazama juu. Kule juu mambo ni yale yale. Kwenye upeo wa maji ndiko kuna jambo jipya: nyota za chini, mamia, zimepangwa katika mstari usio mnyoofu, zinapepesa. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni taa za umeme wa jua au betri. Dagaa hufuata mwanga, migebuka huwafuata dagaa, na wavu huwangoja wote. Kazi hii inahitaji giza. Mbalamwezi ikitanda taa hukosa nguvu, na wavuvi hupumzika. Kwa hiyo mtazama nyota na mvuvi huutaka usiku ule ule, ila mmoja anautaka kwa ajili ya macho na mwingine kwa ajili ya chungu, na taa za huyu humharibia yule upeo wake.

Mwaka 2024 mtazama nyota alipewa alichokitaka. Ziwa lilikuwa limechoka. Maji yake yanazidi kuwa na joto kwa miongo mingi, mchanganyiko wa tabaka za chini na za juu unaoleta chakula umepungua, na vyombo vya uvuvi vimeongezeka. Nchi nne za pwani zake zilikubaliana kulipumzisha. Upande wa Tanzania uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na Julai ile, msimu wa likizo, upeo wa magharibi ulikuwa mweusi hadi Kongo. Anga haijapata kuwa nzuri vile kwa mtu aliyelala juu ya mkeka. Vichanja vya kuanikia dagaa navyo vilikuwa vitupu, na wanawake wanaoishi kwa kuanika na kuuza walikuwa nao wamepumzika, bila posho.

Marufuku ilipokwisha tarehe 15 Agosti mwezi ulikuwa mkubwa, ukabaki siku nne kuwa mpevu. Ziwa liling'aa lote, na taa hazikuwa na la kufanya mbele ya mwanga ule. Ilibidi kungoja hadi wiki ya mwisho ya Agosti ndipo giza la kuvulia lirejee, na upeo ukaanza tena kuwaka.