Huna Deni la Ushujaa

Tanga

Mwanangu mpenzi,

Baba yako amenieleza mlivyoambiwa kliniki: saratani ya ovari imerudi, na dawa zitaipunguza kasi lakini hazitaimaliza. Akaongeza kwamba tangu siku hiyo hujalia mbele ya mtu, na wageni wanakusifu kwa moyo wako wa chuma. Hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Hudaiwi ushujaa na mtu. Mgeni akija kukupa pole kisha wewe ukawa ndiye unayembembeleza, amekuongezea mzigo. Mdogo wako asimame mlangoni aseme: leo dada amechoka. Atakayenuna na anune. Watakutajia subira ya Nabii Ayubu. Lakini Ayubu naye alimlilia Mola wake kwamba dhara limempata. Kusubiri si kunyamaza. Lia, mwanangu.

Wala usikubali maneno ya mkosi, au kwamba ulizembea. Ugonjwa huu huanza kama gesi na tumbo kujaa, mambo ya kila siku, ndiyo maana wanawake wengi hugundulika umeshaenea.

Najua siku ya majibu ya damu inakunyima usingizi. Hicho kipimo cha CA-125 hupanda na kushuka, na daktari hakitazami peke yake. Hutazama pia picha na hali yako. Muulize, "Sasa tunafanya nini?" Swali la muda uliobaki liulize ukiwa tayari wewe, si kwa kuwa ndugu wanataka kujua.

Maumivu usiyafiche. Pale hospitali ya Ocean Road kuna tiba shufaa, ya kutuliza maumivu, na si ya wanaokata roho tu; nenda mapema. Ukipewa mofini ya maji, inywe kwa saa zake, usingoje mpaka uanze kugumia. Omba na dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Na huzuni ikikukalia siku nenda siku rudi, hutaki kula wala kusema na mtu, mwambie daktari kama unavyomwambia tumbo limejaa maji. Nayo ina tiba.

Binti yako mwambie kweli. Watoto husikia minong'ono, na akifichwa atadhani kosa ni lake. Mwambie mama ana ugonjwa usiopona, si yeye aliyeuleta, na nani atampeleka shule siku ambazo wewe huwezi. Hilo la shule ndilo atakalolishika.

Nakuja wiki ijayo. Sitakuambia utapona. Niandikie kazi unazotaka nizifanye hapo nyumbani, na majina ya watu usiotaka kuwaona. Ya jikoni nayaweza, na ya mlangoni nayaweza zaidi.

Akupendaye,
Shangazi yako