Gemu la tanuru: naanza, niko peke yangu

Leo sina mchapo wa hosteli. Nimeanza kutengeneza gemu jipya, na najua ni la nani.

Kwetu ni Mpui, Ufipa. Kwa wasiopajua: ukitoka Tunduma kwenda Sumbawanga, ukishaipita Laela, kabla hujafika mjini, ndipo penyewe. Baridi, upepo, mahindi na maharage. Likizo iliyopita babu alinisimulia habari za malungu, yale matanuru marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma. Baba yake aliifanya kazi hiyo. Mimi sekondari niliisoma kwa sentensi moja tu, kwamba Wafipa walikuwa wafua chuma. Nikakariri, nikapata maksi, basi.

Kumbe bwana! Ilungu lilikuwa refu kumpita mtu. Linajazwa mkaa na mawe ya chuma, na chini lina matundu yenye mirija ya udongo. Halivukutwi! Hewa ya moto inapanda juu, ya baridi inavutwa kupitia mirija, moto unajipuliza wenyewe. Mivukuto ilikuja hatua ya pili, kwenye kitanuru kidogo kiitwacho kintengwe, cha kusafishia chuma kabla ya kufua jembe. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda aliandika kitabu kizima juu ya kazi hii, Contemplating the Fipa Ironworking (2010). Kitabu kizima, sisi tukapewa sentensi!

Sasa gemu lenyewe ni skrini moja. Mtoto anajenga tanuru: anaamua urefu, idadi ya matundu, tabaka za mkaa na mawe. Akijenga fupi, moto unalegea. Hakuna maandishi ya kumweleza kwa nini. Atabomoa, atajenga refu zaidi, ataona mwenyewe moto unavyovuma. Jambo alilogundua mtoto halifutiki kirahisi, hilo wana ualimu tunalijua.

Kuwa peke yako maana yake wewe ndiye mchoraji, fundi sauti na mwandika programu. Natumia Godot, ni ya bure na haidai asilimia ukija kuuza. Masharti niliyojiwekea ni mawili: lisihitaji intaneti, na liwe jepesi. Kule kwetu simu ya tachi ni ya mama, mtoto anaishika dakika chache jioni, na bando mara nyingi hakuna. Mambo ya kijiji kizima, vita na mashujaa nimeyaweka pembeni.

Kuna wanaoniuliza, mtu mmoja ataweza? Eric Barone wa Marekani alitengeneza Stardew Valley, gemu la kilimo, peke yake kwa zaidi ya miaka 4 mpaka likatoka 2016. Ila ninayemuwaza zaidi ni Lual Mayen wa Sudan Kusini, aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka 3 kupata dola 300 za kompyuta, naye akawa anatembea saa 3 kwenda kuichaji. Akajifunza mwenyewe, akatengeneza Salaam, gemu la amani. Mimi hapa soketi iko kichwani pa kitanda.

Mama yangu naye aliuza mahindi ili nipate mashine hii ya kusomea. Nilipomwambia habari za gemu alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, mchezo utakupa kazi?" Sikuwa na jibu, na ajira za ualimu mnazijua wenyewe.

Lakini babu umri umeenda. Anataja majina ya zana zile kwa Kifipa, na kila nikirudi nyumbani mawili matatu yamempotea. Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote nilianza na sauti yake: dakika 40 ziko kwenye simu yangu, na nimezinakili sehemu mbili. Yeye ndiye atakayeongea ndani ya gemu.

Mpango ni huu: nikimaliza mitihani nashuka Mpui na toleo la kwanza. Tanuru moja linalowaka, basi. Mwenye maiki nzuri aniazime, kuna maneno inabidi babu ayarudie.

Nawasilisha.