Desemba ya Marekani huanza kiangazi cha Kasongo

Kila mwaka, mwezi wa nne au wa tano, napata ujumbe wa aina moja kutoka kwetu Kongo, Kasongo au Kabambare: "Yaya, nimemaliza lisanse. Nataka kuja kufanya udaktari huko. Naweza kuanza Septemba?" Nami hulazimika kuandika jibu linaloniuma: mlango wa Septemba hii ulifungwa tangu Desemba.

Jibu hilo nililipokea mwenyewe. Mara ya kwanza niliomba mwezi wa tano, nikifuata desturi ya kwetu. Kwetu udaktari huanza na mtu. Unamtafuta profesa Kinshasa, Lubumbashi au Kisangani akubali kuwa promota wako, halafu wewe na familia mnaanza kusaka pesa za kuandikishwa, za safari, za kuchapisha teze. Asistenti wangapi wamezeeka na teze mkononi! Si uvivu. Mshahara mdogo ule ule ndio unaosomesha watoto na kulipia utafiti.

Huku Marekani nafasi na pesa huja pamoja. Idara inayokupokea kwenye udaktari, kwa kawaida ndiyo inayokulipia: ada inafutwa, unapata bima ya afya na posho, nawe unafundisha wanafunzi wa miaka ya mwanzo au unafanya kazi katika utafiti wa profesa. Pesa hizo hugawanywa mara moja kwa mwaka. Maombi mengi hufungwa kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari, majibu mengi hutoka Februari na Machi, na vyuo vingi vimekubaliana kwamba aliyepewa ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Anayebisha hodi Mei anakuta sahani zimeshaoshwa.

Chuo kikikupokea kwenye udaktari bila kukupa hata senti, tafadhali, usiuze shamba la baba. Kataa, ujaribu tena mwaka ujao. Masta ni habari nyingine. Hapo wengi hujilipia. Lakini idara nyingi za huku humpokea mtu kwenye udaktari bila masta, na jambo hili kwetu halisemwi vya kutosha. Mwenye lisanse ya zamani, ile ya miaka 3 ya gradua na 2 juu yake, asikae akingoja DEA, ile ngazi ya katikati kabla ya udaktari.

Kinachotuangusha ni karatasi. Desemba mvua zimekaza, njia ya Kabambare hadi Kasongo ni matope, pikipiki unaisukuma zaidi kuliko unavyoipanda. Ndipo mtu anaanza kutafuta releve za pointi za miaka yote, mtafsiri wa kuzitoa katika Kifaransa, mtihani wa Kiingereza na barua 3 za maprofesa. Na barua hizo hazibebwi katika bahasha yenye muhuri. Chuo humwandikia profesa kwa barua pepe, naye huipakia barua yake mwenyewe kwenye intaneti. Ya kwangu ya tatu iliingia alfajiri, nyumbani kwa mwalimu wangu mzee. Simu yake tuliiweka juu ya dirisha, mahali pekee paliposhika mtandao, tukausubiri ule mstari wa bluu utambae hadi mwisho, hakuna aliyethubutu kuigusa. Maombi yalifungwa saa 5:59 usiku, saa za New York. Kwetu ilikuwa saa 12:59 asubuhi ya siku iliyofuata. Zile saa 7 ndizo zilizoniokoa.

Basi anza kiangazi. Juni na Julai njia imekauka, fuata releve zako. Agosti waandikie maprofesa wawili watatu wa huku, na usianze na "natafuta ufadhili". Anza na swali lako: wachimbaji wadogo wa dhahabu kandokando ya Namoya wanaishije, au Kingwana, Kiswahili chetu, kimebadilikaje tangu enzi za Tippu Tip. Mtu wa kwetu anayajua haya kwa namna ambayo maktaba ya huku haiwezi kumpa mtu. Oktoba iulize idara kama inaweza kukusamehe ada ya maombi, maana mara nyingi ni dola 50 hadi 100 kwa kila chuo, na zipo zinazokubali kwa barua fupi ya heshima.

Mdogo wangu mmoja wa Kabambare ameshaanza. Julai alikodi pikipiki hadi Kasongo, akanitumia picha: karatasi 5 ndani ya mfuko wa plastiki, zimefungwa kwa mpira, mfuko umelazwa juu ya goti lenye vumbi jekundu. Wiki hii anamwandikia profesa wa kwanza.