Wanafunzi Tuliowaamkia

Katikati ya miaka ya 1980, katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Ifakara, mwalimu ndiye aliyemwamkia mwanafunzi. Nilipangiwa kazi pale nikiwa kijana, nimetoka chuo cha ualimu juzi tu, na darasa langu lilijaa watu wa rika la baba na mama yangu. Niliingia nikasema, "Shikamooni." Wakaitikia kwa pamoja, "Marahaba, mwalimu." Somo likaanza. Heshima ile ya kupokezana iliniingia moyoni kuliko lolote nililofundishwa ualimuni.

Sisi wa umri wangu tulikulia ndani ya elimu ya watu wazima. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu hiyo. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wakaketi vikundi vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakajadili malaria na kuhara, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Mwaka 1967, watu wazima kama 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Baada ya mtihani wa taifa wa mwaka 1975 walihesabiwa 39. Lakini mtu akishajua kusoma huuliza, kisomo hiki kitanilimia shamba gani? Kuanzia mwaka huohuo wa 1975, kwa msaada wa Sweden ambako shule za namna hiyo zilikuwapo tangu karne ya 19, vyuo vya maendeleo ya wananchi vikaanza kulijibu swali hilo.

Watu walikuja kwetu wakiwa wametumwa. Kijiji kilikaa, kikamchagua mtu wake, kikamwambia nenda ukasome kisha urudi. Walitoka Mang'ula, Kiberege na Mbingu, na wengine ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga, waliovuka Kilombero kwa kivuko kwa sababu daraja halikuwapo. Mtu aliyetumwa na kijiji hasomi kama anayesoma kwa ajili ya nafsi yake peke yake. Nakumbuka mama mmoja wa ushonaji aliyebaki kwenye cherehani wenzake wakienda kula. Nilipomhimiza akapumzike, alinijibu, "Mwanangu, wenzangu kule wananingoja. Nikirudi sijui kukata sare za watoto, nitawatazama vipi?"

Somo nililolipenda kulichungulia lilikuwa la uashi. Siku moja mkufunzi alikuwa akieleza jinsi ya kupata kona ya nyumba iliyokaa sawa: pima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, na kamba ya mshazari ikitoka futi 5 kamili, kona yako haina kasoro. Mzee mmoja akanyoosha mkono, akasema yeye kazi hiyo anaifanya kwa kamba yenye mafundo tangu ujana wake. Mkufunzi akamkabidhi kamba. Mzee akafunga mafundo yake, akaitandaza uwanjani, na kona ikatoka ileile. Kisha mzee akauliza kitu ambacho hakuwahi kuelezwa na mtu: kwa nini namba hizo na si nyingine? Mkufunzi akachora miraba ubaoni, akaonyesha kuwa 9 na 16 ni 25, yaani 5 mara 5. Darasa zima lilipiga makofi. Hapo nilielewa mtu mzima anakuja chuoni kutafuta nini. Kazi tayari anaijua. Anataka kuijua sababu yake, ili aweze kuipeleka mbele na kumfundisha mwingine.

Hesabu nazo tulifundisha kwa mpunga, maana Ifakara bila mpunga haisemeki. Tulileta mizani darasani, tukaweka gunia, kila mmoja akasoma mshale kwa macho yake mwenyewe. Mama zetu wengi walikuwa wamezoea kuambiwa uzito wa mavuno yao na mnunuzi, na neno lake likawa ndilo la mwisho. Wale waliojifunza kusoma mizani na kuandika kilo zao kwenye daftari walirudi vijijini wakawa ndio wanaosimama kando ya mizani kwa niaba ya majirani. Sijaona cheti chenye thamani kuliko hicho.

Ratiba yetu ilipangwa na mvua na ndege. Mvua zikianza watu walihitajika shambani kupanda. Mpunga ukichanua na kukaza, mtu alikaa kwenye dungu tangu alfajiri akiamia ndege. Mkuu wetu wa chuo aliielewa ardhi ile. Kozi fupi za wakulima alizipanga baada ya mavuno, na ndiyo maana zilijaa.

Ilikuwa miaka ya dhiki. Sabuni na sukari vilipatikana kwa foleni, misumari ilihesabiwa mmoja mmoja, na chaki tuliitumia mpaka ikawa haishikiki. Hata hivyo madarasa hayakufa. Kilichopunguza wazee darasani ni mambo yaliyokuja baadaye: ada, masharti ya vyeti, na mawazo kwamba chuo ni cha kijana aliyefeli kwenda mbele. Mama wa cherehani hakuhitaji cheti. Alihitaji miezi michache, kitambaa na mtu wa kumwelekeza.

Vyuo hivi vingalipo, 54 vya serikali, na tangu mwaka 2017 viko chini ya wizara yenye dhamana ya elimu. Ninafurahi kuona programu ya Elimu Haina Mwisho ikiwarudisha darasani wasichana walioacha shule, wengi wao kwa ujauzito, huku watoto wao wakitunzwa papo hapo chuoni. Hiyo ndiyo roho yenyewe ya vyuo hivi. Iwafikie na wazazi wao pia.

Kwa wakuu wa vyuo nasema: rudisheni kozi fupi za watu wazima, mzipange baada ya mavuno, na mshushe ada mpaka mkulima aimudu. Kwa serikali za vijiji: chagueni tena mtu wenu, mumtume, mumdai alichojifunza. Na wewe msomaji uliyepita umri wa shule, kama kuna chuo cha wananchi katika wilaya yako, nenda ukaulize kozi fupi inaanza lini. Utamkuta mwalimu mdogo kwako. Mwitikie marahaba, kisha ukae usome.