Koko na telekomande



Sisi tunaoandika ni wake wa ndugu wawili. Tunakaa parseli moja hapa Bukavu: jiko moja, parabola moja juu ya mabati, dekoda moja sebuleni. Chini ya nyumba kuna kijumba cha mbao anakolala mama mkwe wetu, ambaye watoto wote wanamwita Koko. Tangu magoti yaanze kumsumbua, hawezi tena kupanda zile ngazi za udongo hadi nyumba ya juu. Anayeijua Bukavu anaelewa. Kwetu hata kutoka jikoni kwenda chooni ni kupanda mlima.

Zamani Koko alikuwa na kiti chake mbele ya televisheni. Habari za saa mbili usiku za Kinshasa zinatufikia saa tatu, kwa kuwa saa yetu iko mbele kwa saa moja, na wakati huo hakuna aliyethubutu kupiga kelele. Magoti yalipokataa, akabaki kuuliza watoto: “Wamesema nini leo?” Nao wanajibu, “Hakuna kitu, Koko,” kisha wanakimbia.

Tukanunulia kijumba chake televisheni ya mtumba. Lakini dekoda iko juu, yeye yuko chini, na katikati kuna metri 12 za uwanja. Waume zetu wakavuta kabo kutoka sebuleni, wakaifunga kwenye kamba ya nguo, wakaipitisha karibu na jiko. Tuliona si vizuri, tukanyamaza. Hapo tulikosa.

Siku ya tatu mvua ilinyesha, kamba ikalegea, kabo ikashuka. Mtoto wetu wa miaka minne akaikanyaga, akaangukia mbabula. Sufuria ya maharagwe ikamwagika, ikamchoma mguu. Tulimkimbiza kwenye kituo cha afya. Alipona, alama imebaki. Jioni ile Koko alituita wote wawili akasema: “Ondoeni televisheni yenu. Mimi si wa kuchomesha watoto.” Tuliona amekwisha kujihesabu kuwa mzigo. Maneno yale yalituuma kuliko alama ya mguu.

Tulifikiri kuchimba mfereji na kufukia kabo, lakini kila mvua kubwa inakula udongo wa uwanja wetu. Dekoda ya pili ilimaanisha kulipa zaidi kila mwezi. Kijana mmoja fundi akatueleza njia nyingine: vidude viwili vya kurusha picha bila kabo. Bei dola 50. Ilikuwa zamu yetu ya likelemba, na pesa ile tulikuwa tumeipangia katoni za sabuni za kuuza. Tulijadiliana usiku kucha. Asubuhi tukamwambia fundi: “Leta, lakini ujaribu hapa nyumbani kwanza. Ikishika, tunalipa.” Akakubali.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Kidude cha kwanza kinakaa nyuma ya dekoda. Kinaunganishwa kwa nyuzi tatu fupi: ya manjano ni ya picha, nyekundu na nyeupe ni za sauti. Kinarusha vyote kwa mawimbi ya redio. Kidude cha pili kinakaa kwa Koko, kinapokea na kuipa televisheni yake. Kila kimoja kinahitaji prizi yake ya umeme, basi.

Mara ya kwanza picha ilikuja imejaa chengachenga. Fundi alikuwa amekiweka kidude nyuma ya mabati, na mabati yanazuia mawimbi. Akakihamishia dirishani, upande wa mbao, na picha ikatulia. Kwenye karatoni wameandika metri 100, lakini hizo ni za mahali wazi. Kuta zikiingia katikati, hesabu inapungua sana. Mmoja wetu alicheka: ile picha inatoka kwenye setilaiti, karibu kilometa 36.000 juu yetu, halafu inashindwa na bati moja!

Lakini shida ikabadilika sura. Dekoda ni moja, kwa hiyo televisheni zote mbili zinaonyesha kitu kilekile. Vijana wakiweka mpira juu, Koko anapata mpira. Wakiweka filamu ya kupigana, Koko anaangalia watu wakipigana. Siku mbili hakusema kitu. Siku ya tatu tukamkuta ameigeuzia televisheni mgongo.

Ndipo fundi akatukumbusha kitu ambacho hatukusikiliza vizuri. Mwanga wa telekomande haupiti ukuta, lakini kidude cha Koko kinaupokea, kinautuma juu kwa mawimbi, na kijicho kidogo kilichobandikwa mbele ya dekoda kinaurudisha kuwa mwanga tena. Maana yake, Koko anaweza kubadilisha chaneli akiwa kitandani. Tukanunua telekomande ya pili sokoni, tukamfundisha vitufe vitatu.

Jioni hiyohiyo, saa tatu kamili, mechi ikiwa motoni, sebule nzima ilijikuta inaangalia habari za Kinshasa. Vijana wakabonyeza kurudi. Habari zikarudi. Wakabonyeza tena. Habari zikarudi tena. Mkubwa wao akatoka mbio kwenda chini kugomba, nasi tukamfuata tukiogopa. Tulimkuta amepiga magoti: “Koko, tunaomba dakika kumi tu, tuone mwisho.” Koko akanyamaza kidogo, akamjibu: “Kaa hapa uione pamoja nami. Halafu utanieleza kwa nini wanagombania mpira mmoja.”

Sisi wawili tulitazamana mlangoni. Tulidhani tumemnunulia mwanamke mgonjwa picha za kumpitishia siku. Kumbe kilichokuwa kimemtoka tangu magoti yaharibike ni kuombwa ruhusa. Katika parseli hii aliyoijenga yeye na marehemu mume wake, hakuna aliyekuwa anamuuliza tena kitu, hata sisi.

Siku ya Pili tulikaa wote kwake tukapanga saa. Kuanzia saa tatu dekoda ni ya Koko. Siku ya mechi, anayetaka anashuka kuomba. Mara nyingi anakubali, na mara nyingi aliyeomba anabaki chini. Nasi tulianza kumuuliza mambo mengine: ada za shule, mchango wa matanga, hata ile sabuni. Alitushauri tuanze na katoni moja tu, na ndivyo tulivyofanya.

Kwa mama anayetaka kujaribu: pima kwanza kuta zako, kataa kulipa kabla ya kujaribiwa nyumbani, usinunue kidude kisichorudisha telekomande, na zima vyote umeme unapokatika, maana ukirudi kwa nguvu unaunguza. Kabo iliyolegea uwanjani iondoe leo, usingoje mvua kama sisi.

Na huyo mtu wa kijumba cha nyuma, umuulize anataka kuangalia nini. Sisi tulichelewa kuuliza.